Samaki Tuliyemrudisha Kwenye Jiwe Lake

Ubongo wa samaki wa mawe ni mdogo kiasi kwamba unaweza kukaa juu ya ukucha wa kidole cha mwisho na nafasi ikabaki. Mimi nimekua nikila vichwa vya samaki. Kwetu Kalemie, kando ya ziwa, mtoto anajifunza kunyonya kichwa cha mkebuka kabla hajajua kuhesabu, na hakuna anayeuliza kile kitu cheupe na laini kilichojificha nyuma ya macho ni kitu gani. Ni kitamu, kinamezwa, basi. Ilibidi niwe mtu mzima, mwalimu wa biolojia katika sekondari ya wasichana, ndipo nikakishika kwa koleo ndogo nikijua ninachokishika.

Ilikuwa miaka ya Zaire, katika likizo ndefu ya kiangazi. Mtafiti mmoja mwanamke alifika kutoka Ulaya akiwa na masanduku ya bati, chupa za dawa ya kuhifadhia nyama, na mizani ndogo aliyoibeba mwenyewe kifuani kama mtoto mchanga, hakumwachia mtu. Alienda kwa masista wa shule yetu akaomba mtu anayejua Kifaransa, asiyeogopa maji, na anayeweza kupasua mnyama mdogo bila kumchanachana. Masista wakanitaja mimi. Wake wa wavuvi walikuwa wamekwisha kumpa jina kabla hajashusha mizigo yake yote: Mama wa Samaki. Mimi nilimwita Madame, naye akaniita Mademoiselle, na hatukuuvuka mpaka huo hata tulipokuwa tumezoeana.

Wakati huo niliishi kwa Yaya, kaka yangu mkubwa, aliyekuwa karani bandarini. Nilikuwa na kazi yangu, lakini msichana asiyeolewa hakukaa peke yake mjini bila watu kuuliza maswali, na mishahara ya walimu ilifika ilipojisikia. Mke wa Yaya, mulamu wangu, alikuwa mfanyabiashara. Alivuka ziwa kwenda Kigoma kuchukua sabuni, vitenge na betri za redio, akarudi kuviuza sokoni. Alipovuka, mimi ndiye niliyebaki na watoto. Niliwaogesha, niliwapikia, nilikesha nao wakiwa na homa. Hakuna aliyekaa chini kunipangia kazi hizo. Niliingia katika nyumba ile baba yetu alipofariki, nikaanza kwa kuosha sahani, na taratibu kazi zikanizoea nami nikazizoea.

Nilipopata habari ya kwenda na Mama wa Samaki, nilimwendea mulamu kwanza, kabla ya Yaya.

"Enda," aliniambia. Alikuwa anakunja vitenge vya kuuza, hakusimamisha mikono. "Watoto si mayai, hawatavunjika."

"Na safari yako ya Kigoma?"

"Kigoma haihami. Nitaenda ukirudi."

Nikaondoka na moyo mweupe.

Tulienda kusini, njia ya Moba, kwa mtumbwi wa mbao wenye mota. Mwenye mtumbwi alikuwa mwanaume wa makamo, mwepesi wa kucheka, na alikuja na mke wake atupikie. Tulikaa katika nyumba ya udongo iliyokuwa wazi, juu ya ufuko wenye mawe makubwa yanayoteremka moja kwa moja majini. Asubuhi, kabla upepo wa kusini haujaamka, maji yalikuwa angavu hadi chini kabisa. Madame alinipa miwani ya majini na bomba la kupumulia. Kuogelea nilijua tangu utotoni, lakini sikuwahi hata siku moja kuangalia chini.

Chini kulikuwa na mji. Samaki wa aina nyingi walipita juu ya mawe, wa milia, wa manjano, wa buluu, lakini Madame alitaka niangalie mmoja tu, ambaye hata mvuvi mwenye njaa asingehangaika naye. Urefu wake haufiki wa kidole cha kati. Rangi yake ni ya udongo uliokauka, mkia umegawanyika ncha mbili ndefu zenye ukingo mweupe, na nyuma ya jicho ana alama nyeusi kama mtu aliyepakwa masizi kwa mzaha. Huyo alikaa na wenzake katika nyufa za mawe, kila kundi na jiwe lake. Siku za kwanza niliona vurugu tu. Baadaye niliona nyumba.

Kulikuwa na dume kubwa na jike kubwa, na hao wawili tu ndio waliozaa. Wengine, wa kila kimo, walikuwa wasaidizi. Jike lilipotaga juu ya dari ya ufa, wasaidizi waliyasafisha mayai kwa midomo, moja moja, kama mtu anayefuta vikombe. Walibeba mchanga mdomoni wakaenda kuutema nje ili ufa usizibe. Akipita samaki mla mayai, walimrukia hata kama aliwazidi mara tatu. Baadhi yao walikuwa watoto wa jiwe lile lile, na wengine walitoka kwingine wakakaribishwa, Madame hakujua kwa utaratibu gani. Na kila mmoja alijua nafasi yake. Mdogo akikutana na mkubwa njiani alipinda mwili, akageuza ubavu na kutetemesha mkia, na mkubwa akampita bila kumgusa.

Mchana, upepo ukishavuruga maji, tulipanda ufukoni kula. Hapo ndipo Madame alinieleza alichokuja kutafuta. Ziwa letu, alisema, ni la zamani kupita kiasi. Samaki hawa wa mawe walitokana na mababu wachache, wakagawanyika aina kwa aina, na kila aina ikajipatia mtindo wake wa maisha. Kuna wanaoishi peke yao. Kuna wanaoishi wawili wawili, dume na jike, na watoto wakishakua wanafukuzwa. Kuna wanaotembea maelfu pamoja bila kujuana.

"Hawa wa kwetu wanajuana," alisema.

"Wanajuana kwa kitu gani?"

"Kwa uso. Zile alama nyuma ya jicho, kila mmoja ana zake. Kuishi na wanaokujua ni kazi ya kichwa, Mademoiselle. Lazima ukumbuke nani mkubwa wako, nani ulimkera jana, nani atakutetea kesho. Nataka kujua kama kazi hiyo, ikirudiwa kizazi baada ya kizazi, inakuza ubongo."

Mwenye mtumbwi aliniuliza mzungu amesema nini, nikamtafsiria. Akacheka.

"Basi mke wangu ana ubongo wa kiboko. Ndugu zake hawana mwisho, na wote anawajua mpaka madeni yao."

"Na wewe unayekula peke yako nyuma ya nyumba?" mke wake akamjibu akiwa bado ameinamia chungu. Madame aliomba nimtafsirie hilo pia. Alilicheka kwa kuchelewa, sisi tukiwa tumekwisha kunyamaza.

Kazi ilikuwa ya namna mbili. Ile ya kukamata samaki wa aina mbalimbali, kuwapima na kuhifadhi vichwa vyao kwenye chupa, tuliipanga iishie mjini, penye meza ya kudumu na mwanga mzuri. Ile ya kuangalia ilikuwa ya majini. Na katika hiyo ya majini Madame alikuwa na jaribio moja alilolipenda kuliko yote. Alitaka kumwondoa msaidizi mmoja kwenye jiwe lake, amweke pembeni kwa siku kadhaa, halafu amrudishe na kuona watamfanya nini.

Tulimchagua mmoja wa kimo cha kati, mwenye bidii. Madame alimkata kipande kidogo cha pezi ili tusimpoteze machoni, tukamweka katika kizimba cha wavu kwenye maji yale yale, mbali kidogo, mahali ambapo hakuweza kuona kwao. Siku za mwanzo wenzake hawakuonyesha chochote. Mchanga ulibebwa na wengine. Msaidizi mmoja mdogo, ambaye zamani alikaa pembeni kabisa, alisogea taratibu mpaka akachukua ule upande wa ufa aliokuwa akilinda yule tuliyemwondoa.

Siku ya kumrudisha nilikuwa ndani ya maji, nimeshika jiwe kwa mkono mmoja. Madame alimfungulia. Yule samaki alienda moja kwa moja kwao, bila kusita. Alipofika mlangoni jike kubwa lilitoka likamgonga ubavuni. Akarudi nyuma. Akajaribu tena, likamgonga tena, safari hii likamshika pezi. Nilidhani atakimbia. Hakukimbia. Alipinda mwili karibu kuwa nusu duara, akatetemesha mkia, akabaki hivyo hivyo mbele ya lile jike kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona. Jike likamwacha. Na mara alipoachwa alianza kubeba mchanga. Hakupumzika wala hakula. Alibeba, akatema, akarudi, akabeba. Wenzake walibeba kwa zamu, yeye alibeba kama nyumba nzima ni jukumu lake. Tulipotoka majini, vidole vyangu vikiwa vimekunjamana kwa maji, alikuwa bado anabeba.

Tulijaribu pia kwenye jiwe jingine, na huko yule tuliyemrudisha hakupokelewa. Walimgonga mpaka akaondoka. Kwa siku mbili tulimwona chini ya ganda tupu la konokono, mahali pasipo na ufa wa kujificha, na baada ya hapo hatukumwona tena. Madame aliyaandika hayo. Mimi niliuliza kwa nini huyu afukuzwe na yule apokelewe. Alisema hajui. Labda jiwe la pili lilikuwa limejaa. Labda yule wa pili hakuinama vizuri.

Likizo niliyowaahidi nyumbani ilirefuka. Mafuta ya mota yalituishia, na mjini nako hayakupatikana kwa muda. Nilituma salamu kwa mtumbwi uliopita, kwamba nimechelewa lakini niko mzima. Hatimaye mafuta yakapatikana, tukarudi Kalemie siku moja adhuhuri, upepo ukirusha vumbi barabara nzima. Nilipitia dukani. Nilinunua sukari, biskuti za watoto na kitenge kimoja cha mulamu, kisha nikapanda mlima kwenda nyumbani.

Mlango ulikuwa umefungwa. Niligonga, nikasema hodi.

Aliyefungua alikuwa msichana nisiyemjua, na mtoto wetu mdogo kabisa alikuwa kiunoni pake.

"Karibu, Mama," alisema. "Unamutafuta nani?"

Nikamwambia mimi ni dada ya mwenye nyumba. Akaona haya, akanikaribisha kwenye kiti cha sebuleni na kwenda kuita. Mulamu alikuja akifuta mikono. Akanishika mkono, akaniuliza habari za safari, akaniambia huyu ni mdogo wake, ametoka Kongolo. Nilinyoosha mikono kumchukua mtoto. Alinitazama, akaugeukia uso wa yule msichana na kujificha shingoni pake.

"Atakuzoea, Mwalimu," mulamu alisema.

Alikuwa hajawahi kuniita Mwalimu. Siku zote aliniita mulamu, kama nilivyomwita mimi.

Nililetewa maji ya moto ya kuoga. Nililetewa bukari, ugali wetu, na samaki katika sahani iliyofunikwa, peke yangu, mezani. Chumba changu kile cha nyuma sasa kilikuwa cha yule msichana. Alihamishiwa kwenye mkeka ili mimi nipate kitanda, na kitanda kikatandikwa shuka safi. Nguo zangu zilikuwa zimepangwa sandukuni, na sanduku limefungwa kwa kamba. Yaya alirudi kutoka kazini, akaniuliza habari za samaki, akacheka mahali pa kucheka, akalala mapema. Kila mtu alikuwa mpole. Sikumbuki kama niliwahi kutendewa kwa heshima namna ile katika nyumba ile.

Kesho yake niliamka mapema kufagia uwanja. Ulikuwa umekwisha kufagiwa. Nikachukua ndoo kwenda kuteka maji, msichana akaipokea mkononi mwangu kwa heshima zote. Nikaketi kuchambua sombe, majani ya muhogo, mulamu akaja.

"Acha, Mwalimu. Utachafuka."

"Nimeanza lini kuogopa kuchafuka?"

Alitabasamu, akalichukua sinia.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kutafuta kazi. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Niliosha taa, vioo vyake vikang'aa kama vya dukani. Nilisugua sufuria kwa mchanga mpaka nyeusi ikawa nyeupe. Nikiona mtoto ana kikohozi nilikuwa wa kwanza kusimama, na nilipofika msichana wa Kongolo alikuwa amekwisha kumpakata. Katikati ya sufuria moja, mikono ikiwa imejaa mchanga, nilisimama. Nilikuwa nimeona kitu hicho kikifanywa, tena si zamani. Sikulia wala sikucheka. Niliona tu kwamba ndivyo ilivyo, nikamaliza sufuria ile na kuchukua nyingine.

Asubuhi nilikuwa na Madame. Masista walitupa chumba chenye dirisha kubwa, na hapo ndipo tulipasua vichwa. Kazi yenyewe inataka utulivu. Unakata ngozi ya juu, unauondoa mfupa kwa vipande kama unamenya yai bichi bila kupasua utando, kisha unauona ubongo: vijiuvimbe viwili vya mbele, viwili vikubwa vya macho, kimoja cha nyuma. Unakata mshipa, unauinua, unaukausha kidogo kwa karatasi, unauweka kwenye mizani. Madame anasoma namba. Siku moja, nikiwa nimeinama hivyo, nilimweleza habari za nyumbani. Sijui kwa nini nilimweleza. Labda kwa sababu hatukuwa tunatazamana.

Aliweka kalamu chini.

"Rudia, tafadhali. Taratibu. Baada ya kuondolewa sinia mkononi, uliongeza kazi?"

"Niliongeza."

"Mara moja, au baada ya siku?"

Niliinua macho. Alikuwa ananitazama jinsi alivyotazama kitu chini ya kioo cha kukuzia, kwa furaha safi, isiyo na ubaya wowote, na ndiyo iliyonikera.

"Madame, mimi sikukamatwa kwenye jiwe."

Uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni. Aliomba radhi, mara moja kwa Kifaransa na mara moja kwa Kiswahili chake kidogo. Tukapasua vichwa kadhaa. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa:

"Na yeye mwenyewe, mke wa kaka yako, anasemaje?"

Nilikuwa nimeishi naye chini ya paa moja tangu nirudi, nikimwangalia anavyotembea, anavyopokea sinia, anavyotamka neno Mwalimu. Nilikuwa nimemwangalia kwa makini kweli. Sikuwa nimemuuliza kitu.

Mchana huo nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda na sinia la ndakala, dagaa wakavu, mapajani, anatoa mchanga na vijiwe. Watoto walikuwa na yule msichana mbele ya nyumba. Nikaketi chini, kwenye sakafu.

"Mulamu, nimekukosea nini?"

Hakuinua kichwa. "Mimi sijui. Wewe njo wa kuniambia."

"Nikuambie nini?"

"Kama umerudi ao umepita tu."

"Nimerudi."

"Umepiga hodi," alisema.

Sikumwelewa. Nikamwambia mlango ulikuwa umefungwa.

"Mlango huo unafungwa kila siku ya upepo. Kamba iko pale pale, unaijua, unavuta unaingia. Siku ile umesimama inje kama muntu wa kodi, unaita hodi, hodi. Halafu umeingia na sukari, na biskuti, na kitenge. Nikajiuliza, muntu wa nyumba anarudi na kitenge cha nini? Nikasema moyoni, njo vile, huyu anaaga."

"Anaaga anaenda wapi?"

Sasa aliinua kichwa. "Sokoni wote wanajua. Mama wa Samaki anakupeleka kwao Ulaya. Ulisema utarudi, ukachelewa. Salamu zikaja kwamba unachelewa, hazikusema kwa nini. Mimi nina watoto wanakuita, Tanti, Tanti, kila asubuhi. Nikatuma kwetu Kongolo, mdogo wangu akaja, ili wamuzoee yeye kabla wewe hujaondoka. Nguo zako nilizipanga mimi mwenyewe, na dawa ya mende nikaweka. Nilitaka uondoke vizuri, watu wasiseme mulamu wake alimuacha aende na nguo za kunuka."

"Na Mwalimu? Mbona unaniita Mwalimu?"

"Muntu anayeenda Ulaya nimuite je?"

Nilimwambia hakuna Ulaya. Nilimwambia mafuta yaliisha, njo sababu, na kwamba kitenge nilikinunua kwa sababu nilikiona kizuri nikamkumbuka. Nilimwambia nilifikiri amenifukuza.

"Nikufukuze?" Alishangaa kwelikweli, mdomo ukabaki wazi. "Nikufukuze, na kitanda nikupe, na mdogo wangu alale chini?"

Alikuwa na macho yenye maji, au ulikuwa unga wa ndakala, sikutaka kuchunguza. Baada ya muda alisogeza sinia, nusu kwenye paja lake, nusu kwenye goti langu.

"Chambua," alisema. "Wa leo wana mchanga sana."

Nimefikiria mara nyingi juu ya mchana ule, bila uchungu. Lile jike la kwenye jiwe lilipogonga, lilikuwa na maana moja, na yule msaidizi alipoinama alikuwa na maana moja, na mambo yakaisha kwa muda wa pumzi chache. Sisi wawili, wenye vichwa vikubwa hivi, tulikuwa tumesomana kwa siku nyingi na kila mmoja akasoma kinyume. Heshima yake niliiona kufukuzwa, na zawadi yangu aliiona kwaheri. Madame sikumweleza habari hiyo. Nilimwambia tu kwamba mulamu hakuwa na hasira, akasema anafurahi kusikia, nami nikaamini kwamba anafurahi.

Namba zake hazikumfurahisha vile vile. Katika siku za mwisho alizipanga kwenye karatasi kubwa, akachora nukta, na nukta hazikukubali kukaa mstari mmoja. Baadhi ya wale wanaoishi kwa makundi walikuwa na ubongo mkubwa kulingana na mwili wao, kama alivyotarajia. Lakini kulikuwa na mmoja wa wapweke, anayewinda peke yake kwenye nyufa, ambaye ubongo wake uliwazidi. Na wengine walikaa popote walipotaka.

"Hazinyooki," alisema. Aliegemea kiti. "Labda kuwinda peke yako nako ni kazi ya kichwa. Labda sijapima kitu chenyewe. Labda si ukubwa wote, ni sehemu gani iliyokua."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitarudi kupima tena. Hiyo ndiyo kazi."

Hakurudi, au kama alirudi hakupita Kalemie. Aliondoka kwa boti ya kwenda Kigoma, na ikatokea kwamba ndiyo boti ambayo mulamu naye alipanda kufuata biashara yake iliyochelewa. Niliwasindikiza wote wawili. Madame alikuwa na mizani yake kifuani, mulamu na vikapu vyake vitupu, na hawakuwa na lugha moja kati yao zaidi ya salamu. Mulamu aliporudi alitusimulia. Ziwa lilikuwa kali, na Mama wa Samaki, ambaye majini hakuwa na hofu, juu ya maji hakuwa na tumbo. Alitapika tangu kutoka bandarini. Mulamu alimlaza kichwa mapajani, akamfunga kitenge kichwani na kumpa ndimu ya kunusa, na muda wote akaishika ile mizani kwa mkono wa pili kwa sababu yule mwanamke alilia kila ilipomtoka.

"Kama mutoto kabisa," mulamu alisema. "Lakini alipofika ardhini, amenishika uso hivi kwa mikono miwili, akaniangalia muda murefu. Sijui alikuwa anatafuta nini."

Msichana wa Kongolo hakurudi kwao. Tulikaa naye chumba kimoja, akawa mdogo wangu pia. Alikuwa na sauti nzuri na usingizi mzito. Mtoto mdogo hakunirudia sawasawa. Alinizoea, alinijia nikimwita, lakini akianguka alilia jina la yule mwingine, na iliniuma kwa miezi, kisha haikuniuma. Kazi za nyumba ziligawanyika upya bila mtu kuzigawa. Mimi nilibaki na masomo ya jioni ya watoto wakubwa na kupika siku ya Jumapili.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa shule ya Nyunzu. Siku ya kuondoka mulamu alinisindikiza stesheni pamoja na watoto wote. Treni ilikuwa imepangwa asubuhi, na mpaka jua la utosi haikuwa na dalili. Tuliketi juu ya mizigo, tukala mihogo ya kuchemsha na karanga. Mulamu alikuwa anazozana na mama mmoja aliyetaka kusogeza magunia yake juu ya sanduku langu.

"Sanduku hilo lina mwenyewe," alimwambia. "Ni la mulamu wangu, njo huyu hapa."

Yule mama akasogeza magunia. Tukaendelea kula na kungoja.